Mkono wa Nani, kwa Ruhusa ya Nani?

Novemba 1968, katika uwanja wa Stachus mjini Munich, Ujerumani, wapita njia walimkuta mwanamke kijana amesimama na sanduku kifuani. Sanduku lilikuwa na uwazi kwa mbele, na kwenye uwazi huo lilining'inia pazia dogo, mfano wa pazia la jumba la sinema. Kando yake mwanamume mwenye kipaza sauti aliwanadia watu, akiwakaribisha waje sinema. Aliyetaka alisogea, akapenyeza mikono nyuma ya pazia, akashika matiti yaliyokuwa wazi ndani ya sanduku. Alipewa sekunde za kuhesabu, kama nusu dakika, kisha zamu ikaenda kwa mwingine.

Waliojipanga hawakutarajia lililofuata. Katika sinema ya kawaida mtazamaji hukaa gizani, akaangalia bila kuangaliwa. Hapa giza lilikuwa ndani ya sanduku peke yake. Mtu aliyepenyeza mikono alijikuta amesimama hadharani, jicho kwa jicho na mwenye mwili, huku umati ukimkodolea macho. Aliyekuja kushika akawa yeye ndiye wa kutazamwa.

Msanii huyo, VALIE EXPORT, alizaliwa Linz, Austria, mwaka 1940. Mwaka 1967 aliacha jina la baba yake na la mumewe pia, akajipa jina jipya la herufi kubwa tupu lililotokana na chapa ya sigara. Kazi yake ya Munich aliiita Tapp- und Tastkino, yaani sinema ya kupapasa na kugusa. Tangu miaka hiyo ya 1960, wanawake wengi wa sanaa ya utendaji, kuanzia Tokyo hadi Rio de Janeiro, wamerudi kwenye jambo hilohilo: mguso. Wamewaruhusu watu wawaguse, wamewakataza, wamewagusa wao, wamepanga saa na mahali pa kuguswa. Ni kama waliamua kwamba dawa ya moto ni moto, kwa kuwa mwili wa mwanamke umenyang'anywa kwa mkono wa mtu mwingine tangu zamani.

Je, dawa hiyo imeponya? Na inawahusu vipi wanawake ambao hawajawahi kuingia kwenye jumba la sanaa, lakini kila asubuhi hupanda daladala au matatu wakiwa wamekumbatia mkoba kifuani kama ngao?

Jicho na mkono

Sanaa ya utendaji ni sanaa ambayo msanii hachongi wala hachori. Malighafi yake ni mwili wake, muda na watu waliopo. Haigizi kama mwigizaji wa tamthilia. Akisema atakaa saa sita, anakaa saa sita, na akijikata, inayotoka ni damu yake. Sanaa hii ilishamiri katika miaka ya 1960 na 1970, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kwa sababu iliyo wazi: katika sanaa ya zamani walikuwapo tele, lakini kama picha ukutani.

Mwaka 1989 kikundi cha wanawake wa New York kiitwacho Guerrilla Girls, wanaojificha nyuma ya vinyago vya sokwe, kilikwenda kuhesabu katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Katika sehemu za sanaa ya kisasa, wasanii wanawake hawakufika asilimia 5, ilhali picha za watu walio uchi zilikuwa za wanawake kwa asilimia 85. Kikundi kilichapa hesabu hiyo kwenye bango lililouliza kwa maneno machache kama ni lazima mwanamke awe uchi ndipo aingie makumbusho.

Mwanamke wa kwenye picha hana la kusema. Anatazamwa usiku na mchana, na mtazamaji hadaiwi chochote. Mkono hauna uhuru huo. Jicho laweza kuiba likiwa mbali, lakini mkono sharti usogee, na unapogusa nao unaguswa. Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe: kugusa, kuguswa, kugusana. Mwanamke wa kwenye picha hakupewa hata kitenzi kimoja kati ya hivyo vitatu. Historia yote ya sanaa inayozungumziwa hapa inaweza kusomwa kama safari ya kutoka kwenye kuguswa kwenda kwenye kugusana, safari yenye mashimo mengi njiani.

Mkasi na meza

Julai 1964, katika ukumbi mmoja wa Kyoto, Japani, Yoko Ono alipanda jukwaani akiwa amevaa suti nzuri, akapiga magoti, akakalia visigino na kuweka mkasi mbele yake. Watu walitakiwa waje mmoja mmoja, kila mtu akate kipande cha nguo yake na kuondoka nacho. Baada ya hapo alikaa kimya. Kazi hiyo, Cut Piece, aliirudia Tokyo mwaka huohuo, New York mwaka 1965, na London mwaka 1966, ambako ukumbi wake ulikuwa Africa Centre.

Filamu ya onyesho la New York, iliyopigwa na ndugu wawili, David na Albert Maysles, ni ya dakika chache tu, lakini ni vigumu kuitazama ukiwa umetulia. Mwanzoni watu wanakata kwa adabu: kona ya mkono wa blauzi, ukingo wa sketi. Kisha anakuja kijana mmoja mwenye kujiamini, anamzunguka, anakata nguo ya ndani, anafikia mikanda ya sidiria. Uso wa Ono, uliokuwa kama maji ya mtungini, unatikisika kidogo, macho yanahama, na mikono inapanda kuziba kifua. Huko Kyoto mtu mmoja alikuwa amefika mbali zaidi: aliinua mkasi kama anayetaka kumchoma Ono.

Miaka kumi baada ya Kyoto, katika jumba la Studio Morra mjini Naples, Italia, Marina Abramović alikwenda mbali kuliko wote. Katika Rhythm 0 ya mwaka 1974 alisimama mbele ya meza yenye vitu 72 na kuwaambia wageni kwamba wanaweza kutumia juu yake chochote kati ya vitu hivyo, naye hatajitetea wala kumlaumu mtu. Kulikuwa na ua waridi, unyoya na asali. Kulikuwa pia na mkasi, kisu cha daktari, bastola na risasi. Muda ulikuwa saa sita, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 8 za usiku wa manane.

Mwanzo ulikuwa mpole: mtu akampa ua, mwingine akambusu. Kadiri saa zilivyosonga, ukimya wake ukageuzwa ruhusa ya kila kitu. Nguo zilikatwa. Alichanjwa shingoni. Bastola iliyojazwa risasi iliwekwa mkononi mwake na kuelekezwa shingoni pake, hadi wageni wengine wakaingilia kati na ugomvi ukazuka. Wapo pia waliomfuta machozi. Saa sita zilipotimia, Abramović alianza kutembea kuelekea kwa watu, na waliokuwa wamemchezea kama mdoli wakatoka mbio. Walimudu kumgusa akiwa kitu, na walishindwa kumtazama alipogeuka tena mtu.

Kazi hizi mbili mara nyingi huelezwa kama ushahidi wa unyama wa binadamu. Maelezo hayo yanapunguza uzito wake. Ono na Abramović walifanya jambo lililo karibu na uchunguzi wa daktari: walichukua hali ambayo wanawake huishi nayo kila siku bila shahidi, wakaiweka chini ya taa, wakaipa mwanzo na mwisho, kisha wakawaacha watu waonekane wanavyofanya. Mwanamke aliyeshikwa ndani ya basi husikia akiulizwa alivaa nini, au mbona hakupiga kelele. Huko Naples hakuna aliyeweza kuuliza hivyo, maana mashahidi wenyewe ndio walioshika mkasi.

Hata hivyo gharama ilibaki kwa aliyeguswa. Kovu lilibaki shingoni kwa msanii, na mgeni alirudi nyumbani akiwa mzima.

Kutoka kuguswa hadi kugusana

Wengine waliuliza swali tofauti. Badala ya kuonyesha ubaya wa mkono wa mgeni, waliuliza mkono mwema ungekuwaje, na nani angeuandalia masharti.

Aprili 1973, mjini San Francisco, Barbara T. Smith, aliyekuwa mama wa nyumbani wa California kabla ya kuachika na kugeukia sanaa, alikaa usiku kucha katika choo cha wanawake cha jumba dogo la sanaa, baada ya kukigeuza chumba chenye godoro, mito, ubani, mafuta ya kujipaka, matunda na mvinyo. Alikuwa uchi, na utepe wa sauti ulirudiarudia ombi lake la kulishwa. Wageni waliingia mmoja mmoja. Kilichotokea kila mara kilitegemea maelewano: mmoja alizungumza, mwingine alimkanda mabega, mwingine alikula naye. Wako wanaharakati wa haki za wanawake waliomlaumu kwamba amejiuza. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, na kila aliyepita mlangoni alipita kama mgeni wake. Kwa upande wa mpangilio, ana hoja: huko Naples mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu na kwa kila tendo, na huku kila tendo liliombwa.

Nchini Brazil, Lygia Clark alifika mahali ambapo neno sanaa lenyewe lilianza kumbana. Aliyekuwa mchoraji na mchongaji mashuhuri, baada ya kufundisha Sorbonne mjini Paris alirudi Rio de Janeiro na kuanzia mwaka 1976 akawa anawapokea watu nyumbani kwake, mmoja baada ya mwingine. Mgeni alilala kwenye godoro. Clark alimwekea mwilini vitu vya bei ndogo kabisa: mifuko ya plastiki yenye maji au hewa, mito myepesi, kome za baharini masikioni, kitambaa machoni. Mkononi mgeni alishika jiwe dogo muda wote, ili akipotelea ndani ya hisia zake awe na kitu cha hakika cha kushikilia. Vikao hivyo viliendelea kwa miezi. Hakukuwa na watazamaji, hakukuwa na picha ya kuuza, na wapenzi wa sanaa wengi walidhani msanii mkubwa amepotea njia. Leo majumba makubwa ya sanaa yanaonyesha mifuko hiyo ya plastiki ndani ya vioo, mahali ambapo haiwezi tena kumgusa mtu.

Mierle Laderman Ukeles naye aligeuza mkono upande wa pili kabisa. Mwaka 1969, akiwa mama mwenye mtoto mchanga, aliandika ilani iliyodai kwamba kufua, kupika, kufagia na kulea ni kazi zinazostahili kuitwa sanaa. Kisha, kati ya Julai 1979 na Juni 1980, alizunguka mitaa yote ya New York akimpa mkono kila mzoa taka wa jiji, wafanyakazi wapatao 8,500, na kumshukuru kwa kuliweka jiji hai. Wengi wao walikuwa wanaume ambao watu waliwapita wakiziba pua. Aliyezoea kuona mikono ikielekea kwenye mwili wa mwanamke aliuona hapa mkono wa mwanamke ukitoka, tena si kwa kubembeleza wala kuhudumia, bali kwa kumtambua mtu.

Ngozi iliyolipiwa kiingilio

Kwa mwanamke Mwafrika, suala la kuguswa na wageni mbele ya umati halikuanzia kwenye majumba ya sanaa. Mwaka 1810 Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoi kutoka Afrika Kusini, alianza kuonyeshwa London katika mtaa wa Piccadilly kwa kiingilio. Masimulizi ya wakati huo yanaeleza wageni waliomfinya na kumchokoa kwa fimbo ili kuhakikisha kwamba maumbile yake ni ya kweli. Alifia Paris Desemba 1815, na hata kufa hakukumwachia nafasi ya kupumzika: mwili wake ulipasuliwa, na mifupa yake ikabaki kwenye maonyesho ya makumbusho hadi miaka ya 1970. Alizikwa kwao, Hankey, tarehe 9 Agosti 2002.

Ndiyo maana mwanamke mweusi anapoweka mwili wake mbele ya watu kama sanaa, anarithi historia ambayo Abramović hakuirithi. Juni 2013, katika uwanja wa Union Square mjini New York, wanawake weusi walisimama na mabango yaliyowaruhusu wapita njia wazishike nywele zao, jambo ambalo watu hulifanya ofisini na kwenye foleni bila kuuliza. Baadhi ya wapita njia walisogea kwa aibu, wakauliza maswali, wakazungumza. Lakini walifika pia wanawake weusi wengine na mabango yao, yakisema nywele zao haziguswi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja nzito. Wa kwanza walitaka ruhusa itolewe kwa sauti ili watu wajue kwamba inapaswa kuombwa. Wa pili waliona kwamba mwili uliowahi kulipiwa kiingilio hauwezi kufungua tena mlango, hata kwa nia ya kufundisha.

Ingrid Mwangi, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1975 kwa baba Mkenya na mama Mjerumani na kuhamia Ujerumani akiwa msichana, alichagua kuguswa na jua. Katika Static Drift ya mwaka 2001 aliweka kiolezo tumboni na kuliacha jua lichore. Picha mbili zikabaki: katika moja ramani ya Afrika, katika nyingine ramani ya Ujerumani, zote zikiwa rangi ya ngozi yake tu, nyeusi zaidi hapa na nyeupe zaidi pale. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kusogea, na tumbo lenyewe ndilo linalosema linatoka wapi. Tangu mwaka 2005 yeye na mumewe, Robert Hutter, wanafanya kazi kama msanii mmoja kwa jina la Mwangi Hutter, wakiuliza kama watu wawili wanaweza kushiriki mwili mmoja bila mmoja kummeza mwenzake.

Kuvuliwa na kujivua

Afrika Mashariki haikusubiri majumba ya sanaa ili ijue uzito wa mwili wa mwanamke hadharani. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiliwe. Profesa Wangari Maathai alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi, na Maathai alipigwa hadi akazimia. Hapo baadhi ya akina mama walivua nguo na kuwakabili vijana wale wenye sare. Katika jamii nyingi za Kenya na Uganda, mama kumvulia nguo mwanamume wa rika la mwanawe ni laana nzito kuliko risasi. Askari waligeuza nyuso. Akina mama walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima, hadi karibu wafungwa wote walipoachiliwa. Wanawake wa Kiacholi wa Apaa, kaskazini mwa Uganda, walifanya hivyohivyo mwaka 2015 mbele ya mawaziri waliokwenda kuweka mipaka ya ardhi yao.

Hao hawakuwa wasanii, na kuliita tendo lao onyesho ni kuwakosea heshima. Lakini walielewa barabara kile ambacho EXPORT alikitafuta kwa sanduku lake: kati ya kuvuliwa na kujivua kuna umbali wa mbingu na ardhi, ijapokuwa macho yanaona uchi uleule.

Miaka 22 baada ya kambi ya bustani ya Uhuru, jijini Nairobi hukohuko, wanaume walimvua nguo mwanamke kituoni mwa mabasi kwa kisingizio cha mavazi yake, na video ikasambaa. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya jiji, wengi wakiwa wamevaa sketi fupi kwa makusudi, wakidai kwamba nguo ya mtu ni uamuzi wake. Desemba mwaka huo sheria ya Kenya iliongezwa kifungu kinachomhukumu anayemvua mtu nguo kwa nguvu kifungo kisichopungua miaka 10. Nchini Uganda, mwaka huohuo wa 2014, sheria dhidi ya ponografia ilipotiwa saini, wanaume wa mitaani waliichukua kama kibali cha kuwavamia wanawake waliovaa sketi fupi. Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake kadhaa Agosti 2021.

Pwani ina elimu yake, na inaelekea upande mwingine kabisa. Siku chache kabla ya harusi, bibi harusi wa Zanzibar au Mombasa huwekwa ndani. Chumba kinanukia udi. Somo wake, mwanamke wa makamo anayejua mambo, anachanganya singo: liwa, karafuu, langilangi, marashi ya waridi. Mwari anakaa na kanga moja tu, na somo anamsinga kuanzia mabegani, taratibu, kwa viganja vyote viwili, unga wenye harufu ukidondoka juu ya mkeka. Huku mikono ikisugua, mdomo unafundisha. Mwari anaambiwa majina ya viungo vyake, maumivu yapi ni ya kawaida na yapi si ya kawaida, namna ya kutaka na namna ya kukataa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika chumba hicho kata hupitishwa kutoka mkono wa mwanamke hadi mkono wa mwanamke.

Katika unyago, elimu hiyo ina ngoma yake. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kama Bi Kidude, alikuwa mwimbaji wa taarabu aliyeshinda tuzo ya WOMEX mwaka 2005, lakini alikuwa pia kungwi, mpigaji wa ngoma ya msondo aliyewafunda wasichana wa Zanzibar kwa miongo mingi hadi alipofariki Aprili 2013. Mwanamume hakuruhusiwa kuchungulia. Kiuno kilichokatwa mle ndani hakikukatwa kwa ajili ya jicho lolote la nje.

Haifai kuupaka unyago rangi ya dhahabu. Mengi yanayofundishwa humo ni namna ya kumfurahisha mume, na katika baadhi ya jamii za bara jando na unyago vilikwenda sambamba na ukeketaji au ndoa za utotoni, madhara yasiyo na utetezi. Hata hivyo kuna somo ambalo wachambuzi wa sanaa ya Ulaya hawalitazami vya kutosha. Wao huchukulia kwamba mwili unakombolewa kwa kutolewa nje: chumbani hadi barabarani, gizani hadi kwenye taa. Mwanamke wa pwani anajua ukombozi wa aina nyingine, wa mlango uliofungwa kwa ndani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, maana yake asiyemwonyesha mkunga hapati msaada. Methali hiyo haikusema uchi uonyeshwe kwa kila mtu. Ilisema aonyeshwe anayestahili, kwa haja ya mwenye mwili.

Lawama zinazostahili kusikilizwa

Sanaa hii imelaumiwa tangu ianze, na baadhi ya lawama zina ukweli.

Ya kwanza ni kwamba msanii mrembo anayevua nguo huishia kulilisha jicho lilelile analolipinga. Mhakiki Lucy Lippard aliligusia suala hilo mwaka 1976, akionyesha jinsi mstari kati ya mwanamke kuutumia mwili wake na mwili huo kutumiwa ulivyo mwembamba. Hannah Wilke wa Marekani aliandamwa na lawama hiyo zaidi ya wengine. Mwaka 1974 alianza kujipiga picha akiwa kifua wazi, mwili umebandikwa vipande vya bazoka iliyotafunwa, vilivyofinyangwa kama makovu. Wakamwambia anajionea fahari. Kisha akaugua saratani, na akaendelea kujipiga picha kwa ukubwa wa mtu mzima akiwa amevimba, hana nywele, na mabomba ya dripu yakining'inia, hadi alipofariki Januari 1993. Picha hizo za mwisho, Intra-Venus, zilikuwa jibu lake kamili. Mwili ulikuwa wake ulipokuwa mzuri, na ulikuwa wake ulipoharibika.

Lawama ya pili inazihusu taasisi. Mwaka 1977 huko Bologna, Abramović na mwenzake Ulay walisimama uchi mlangoni mwa jumba la sanaa, wakitazamana, na kila aliyetaka kuingia ilibidi apite kiubavu katikati yao. Polisi walikatiza kabla ya muda. Mwaka 2010 jumba la MoMA la New York liliirudia kazi hiyo kwa kuajiri vijana wasimame badala yao, na baadhi ya vijana hao walilalamika kwamba wageni waliwapapasa. Wageni wengine walitolewa nje. Tofauti na Naples ni kubwa. Abramović alijiwekea hatari yake mwenyewe, na hawa walikuwa wafanyakazi. Msanii anaweza kuamua kuhatarisha mwili wake, lakini mwajiri hana haki ya kuuhatarisha mwili wa mwajiriwa, na neno sanaa halifuti wajibu wa kuweka mlinzi, ishara ya kusimamisha onyesho na mtu wa kupokea malalamiko.

Ya tatu ni simu. EXPORT alimpa kila mtu nusu dakika, na ilipokwisha ilikwisha. Leo nusu dakika inarekodiwa, inakatwa, inasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mwenye mwili hana tena mkono wa kulifunga pazia. Msanii yeyote wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anayefikiria kazi ya mguso lazima aanzie hapo, kwenye kapu la kuwekea simu mlangoni, kabla hajawaza mengine. Lazima pia aamue kama onyesho lake ni la uwanjani au la chumbani, na kama watazamaji ni umati au mtu mmoja mmoja. Kwa hali ilivyo, njia ya Clark na ya somo, ya mtu mmoja, kikao kimoja na mlango uliofungwa, inaonekana kuwa na mengi ya kutoa huku kwetu kuliko njia ya meza ya Naples. Dhuluma ya hadharani tayari tunayo ya kutosha, tena ya bure. Kilicho adimu ni mahali ambapo mwanamke anaguswa akiwa ameulizwa, na akisema basi, mkono unaondoka.

Septemba 2003, miaka 39 baada ya Kyoto, Yoko Ono alipanda tena jukwaani, safari hii mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 70. Mkasi ulikuwapo, na yeye alikaa kwenye kiti. Aliongeza sharti moja ambalo halikuwapo mwaka 1964: kila mtu akate kipande kisichozidi ukubwa wa postikadi, kisha akipeleke kwa mtu anayempenda. Watu wakapanda mmoja baada ya mwingine, wakakata, na vitambaa vile vikatoka nao ukumbini kuelekea kwa watu ambao Ono hakuwahi kuwajua.